Viungo vya nyuma ya nyumba, Arusha na Moshi: anza na jua la kuanikia

Watu wengi hupanda viungo wakiangalia mvua. Wingu la Machi likikaa juu ya Meru, tangawizi inafukiwa, nanaa inachomekwa pembeni ya bomba, na mambo yanakwenda vizuri mpaka siku ya kuvuna. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Mchaichai umekatwa Julai, Arusha haijaona jua tangu Jumatatu, majani yametundikwa barazani wiki mbili na bado yanakunjika bila kuvunjika, na tangawizi iliyokatwa vipande imeota ukungu wa kijani upande wa chini. Maji ya kumwagilia kwenye miji hii hupatikana kwa njia moja au nyingine: ya bomba, ya kisima, ya mfongo, yaani mfereji wa kienyeji wa zamu. Kinachoadimika ni siku kumi mfululizo za jua na hewa kavu. Kwa hiyo hesabu ianzie mwisho. Tafuta kwanza siku za kuanika, ndipo urudi nyuma hadi siku ya kupanda.

Kalenda

Misimu mizuri ya kuanika ni miwili. Wa kwanza ni Januari na Februari, jua linapochoma na vumbi linapotimka. Wa pili ni Septemba na Oktoba, kabla ya vuli. Machi hadi Mei ni masika, hapo usifikirie kuanika kitu. Juni hadi Agosti ni baridi na mawingu, hasa Arusha na kwenye vihamba (mashamba ya migomba ya nyumbani) vya juu kama Machame, Kibosho na Marangu. Moshi mjini una nafuu kidogo.

Ukirudi nyuma kutoka Januari, tangawizi na manjano vinahitaji miezi 8 hadi 10 kukomaa, basi vinaingia ardhini mapema Machi. Rozela, ile ya vikombe vyekundu vya kinywaji, ya kuanikwa Septemba hupandwa Machi hadi Aprili. Rozimari, taimu, mchaichai na nanaa vinakaa shambani mwaka mzima, hivyo vikate sana kwenye misimu hiyo miwili ya jua na miezi mingine uchume kidogo tu, kibichi, cha siku hiyo.

Kumbuka pia kwamba Moshi si Arusha. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, Moshi mjini iko chini ya mita 950. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya rozimari ya Sakina, Arusha, inenepe wakati rozela yake inadumaa, na rozela ya Pasua, Moshi, iwe juu ya kichwa wakati kotmiri yake inatoa maua kabla hujaila mara mbili. Rozimari, taimu, kalendula na kotmiri hupenda ubaridi wa Arusha. Manjano, rozela, kivumbasi na pilipili hukimbia zaidi Moshi. Tangawizi na iliki hufurahia kivuli chepesi cha migomba, kwa maneno mengine zinapenda kihamba. Karafuu usijisumbue nayo, huo ni mti wa joto na unyevu wa visiwani.

Udongo: michanganyiko miwili, si mmoja

Kosa linaloua mimea mingi ya viungo ni kuipa yote udongo mmoja na maji sawa. Igawe mafungu mawili. Fungu la kiu ni tangawizi, manjano, nanaa, kotmiri, mchaichai na kivumbasi. Fungu kavu ni rozimari, taimu, oregano na mshubiri. Usipande nanaa na rozimari kwenye ndoo moja hata kama zinapendeza pamoja, maana maji yanayomshibisha mmoja yanamwozesha mwenzake mizizi.

Fungu la kiu: ndoo 2 za udongo wa juu, ndoo 1 ya samadi iliyooza miezi minne au zaidi, na nusu ndoo ya pumba za mpunga ili udongo usishikane. Fungu kavu: ndoo 1 ya udongo, ndoo 1 ya mchanga mkubwa wa korongoni au vikokoto laini vya volkano, na robo ndoo tu ya mboji. Rozimari ikishiba samadi hurefuka, hulegea na kupoteza harufu.

Maranda mabichi ya fundi seremala usichanganye. Yakianza kuoza hula naitrojeni ya udongo na majani yanageuka manjano, nawe utadhani mmea una ugonjwa. Samadi mbichi nayo huunguza mizizi na huleta sota, viwavi wanaokata miche. Ukiishika na bado ina joto au inanuka mkojo, iache kwenye lundo.

Kabla ya kupanda ardhini, pima udongo unavyopitisha maji. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena. Yakikaa kwa muda wa saa nne na bado yapo, usipande sesa, yaani bila tuta. Inua tuta la sentimita 20 hadi 25. Kama uso wa udongo unaacha weupe kama chumvi baada ya kumwagilia maji ya kisima, tumia viroba na ndoo, na umwagilie maji ya mvua kila unapoweza.

Tangawizi, hatua kwa hatua

1. Mbegu, mwishoni mwa Januari. Tangawizi nyingi ya sokoni hutoka milima ya Upare, wilayani Same, na inaota vizuri ukiichagua. Tafuta tunguu nene, lenye ngozi inayong'aa na macho yaliyovimba. Lililosinyaa, au linalotoa majimaji ukilibonyeza, liache kwa muuzaji. Gawa vipande vya gramu 30 hadi 50, kila kimoja kiwe na macho mawili. Futa kisu kwa spiriti kila unapomaliza tunguu moja, kwa sababu bakteria wa mnyauko husafiri kwa kisu. Paka majivu kwenye vidonda, acha vikauke kivulini siku mbili au tatu. Ukipanda kidonda kibichi, nusu ya mbegu itaoza.

2. Kuchipusha, Februari. Panga vipande juu ya mchanga wenye unyevu kidogo kwenye beseni lililotobolewa, funika kwa mchanga wa sentimita 2, weka jikoni au mahali penye joto. Baada ya wiki tatu au nne chipukizi litakuwa na urefu wa kucha. Kwa Arusha hatua hii si ya hiari. Tangawizi isiyochipushwa hukaa ardhini wiki nyingi inangoja joto, na masika yanaikuta haijatoka.

3. Kupanda, mapema Machi. Tuta liwe na upana wa mita 1 ili ufike katikati bila kulikanyaga. Shimo kwa shimo sentimita 25, mstari kwa mstari 30, kina sentimita 5, jicho liangalie juu. Konzi moja ya samadi kila shimo. Kwenye kiroba cha kilo 50, kunja mdomo hadi nusu, toboa matundu kumi chini na ubavuni, panda vipande 3, kisha pandisha kiroba na kuongeza udongo kadiri mmea unavyokua.

4. Matandazo. Majani makavu ya migomba, unene wa sentimita 10. Hii ndiyo bima ya anayetegemea zamu ya mfongo, maana zamu ikija mara moja kwa wiki, tuta lililo wazi linakauka siku ya tatu. Matandazo yasiguse shina.

5. Kupandishia udongo, mara mbili: mwezi wa tatu na mwezi wa tano baada ya kupanda. Tunguu hukua likielekea juu. Likipigwa jua linakuwa kijani, linakakamaa na haliongezeki. Kila unapopandishia, ongeza konzi ya samadi. Ukizidisha mbolea yenye naitrojeni utapata majani ya kupendeza na vidole vyembamba chini.

6. Kukata maji. Majani yakianza kugeuka manjano, Novemba au Desemba, punguza kumwagilia, kisha acha kabisa wiki tatu kabla ya kuchimba. Vuli ikinyesha sana wakati huo, fungua mifereji pembeni ya tuta.

7. Kuchimba, Januari. Tumia uma wa bustani au kijiti, ukianzia mbali na shina. Jembe linakata, na tunguu lililokatwa halikai ghalani. Kwa chai na mchuzi wa kila siku unaweza kuanza kuchokoa pembeni mwezi wa sita baada ya kupanda. Tangawizi hiyo changa ni laini, haina nyuzi, ila haifai kukaushwa kwa sababu karibu yote ni maji.

Kinachoiangusha zaidi ni kuoza. Kuna aina mbili na inafaa uzitofautishe. Majani yakianza kuwa manjano kutoka chini, shina likang'oka kirahisi na kunuka, huo ni uozo wa fangasi unaoletwa na maji kutuama. Fungua mifereji, ng'oa walioathirika, wengine wanaweza kupona. Majani yakijikunja na kunyauka yangali kijani, kata shina na ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko bakteria, na hauna dawa ya kupuliza. Ng'oa, choma, na eneo hilo usirudishe tangawizi, nyanya, bilinganya wala viazi mviringo kwa miaka mitatu au zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, usianze kamwe kupanda tangawizi palipokuwa na nyanya msimu uliopita. Ukiwa na shaka, peleka mmea mzima wenye udongo wake kwa afisa ugani wa kata au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru.

Manjano

Yanapandwa kama tangawizi, ila yanataka jua zaidi na nafasi ya sentimita 30 kila upande. Usikimbilie kuchimba majani yakiwa kijani, kwani rangi hujijenga mwishoni. Subiri yakauke na kulala.

Ukichimba, tenga tunguu mama na vidole. Mama ni mbegu ya mwakani. Vidole ndivyo vya kusaga, na huchemshwa kwanza, hatua ambayo wengi huiruka. Tumia sufuria ya zamani, maji yapite vidole vya manjano kwa urefu wa vidole viwili vya mkono, funika, chemsha dakika 45 hadi 60. Kijiti cha meno kikipita bila kusukumwa, ipua. Kuchemsha kunaua macho yasichipue, kunasambaza rangi kote ndani, na kunafupisha muda wa kukauka. Yakiwa mabichi ndani rangi inakuwa madoa, yakipitiliza rangi inapauka na vidole vinamomonyoka.

Anika siku 10 hadi 15. Kidole kilichokauka kinakatika kwa mlio mkali kama kijiti cha chuma, na ndani kinang'aa. Kikipinda kwanza, kirudishe juani. Halafu sugua vidole ndani ya gunia ili ngozi itoke, na saga. Kilo 5 mbichi hutoa kilo 1 kavu hivi. Hesabu hiyo uijue mapema, maana watu huvunjika moyo wanapoona beseni zima limegeuka kuwa kopo moja.

Kuanika bila kupoteza harufu

Mizizi na majani havianikwi namna moja. Mizizi huvumilia jua la moja kwa moja. Majani hukauka kivulini palipo na upepo, kwa sababu harufu ni mafuta mepesi, na jua likiyapasha zaidi ya nyuzijoto 40 yanaruka. Jani lililokaushwa juani hubaki na rangi ya nyasi na ladha ya nyasi.

Vuna majani asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali, na kabla mmea haujachanua. Funga vishada vyembamba, vya unene wa dole gumba. Kishada kinene hukauka nje na kuoza katikati. Tundika chini ya paa palipo wazi pande mbili. Nanaa na kivumbasi ni bora uvitandaze, kwa kuwa majani yake ni laini na hushikana.

Tangawizi ioshe, ikwangue ngozi kwa kijiko, ikate vipande vya milimita 3 hadi 4 kwenda na upana wake, si urefu, ili nyuzi zikatike. Ipange safu moja juu ya kichanja kilichoinuliwa mita moja kutoka chini. Kuku, vumbi la bodaboda na mkojo wa paka vyote viko chini. Geuza mara mbili kwa siku, ingiza ndani kabla ya saa kumi na mbili jioni, umande wa Arusha unarudisha unyevu wote wa mchana.

Kufunika nzi wasitue, tumia wavu mpya au shashi safi. Chandarua cha zamani usikiguse: vingi vina dawa ya mbu iliyowekwa kiwandani, nayo itaingia kwenye chakula.

Ukilazimika kukausha wakati wa mawingu, tengeneza kikaushio cha jua: sanduku la mbao la mita 1 kwa 2, limefunikwa nailoni inayopitisha mwanga, wavu sentimita 30 kutoka chini, tundu la hewa upande wa chini mbele na jingine juu nyuma. Bila tundu la juu, mvuke unarudi kama matone na kazi yote inaoza. Kwa majani, tandika kitambaa cheusi juu ya nailoni.

Usiamini vidole tu kwamba kitu kimekauka. Weka kiasi kwenye chupa ya kioo, funga, acha siku mbili. Ukiona mvuke au matone kwenye kioo, rudisha kikaushioni. Kiungo chenye ukungu hakikwanguliwi wala hakianikwi upya, hutupwa. Sumukuvu haionekani, haitoki kwa kuchemsha, na huathiri ini.

Mimea ya majani

Mchaichai ni rahisi kuliko yote, kiasi kwamba watu huusahau. Gawa shina la jirani, machipukizi matatu au manne kwa shimo, punguza majani hadi sentimita 15, panda umbali wa sentimita 60 hadi 90. Kingo za matuta na mifereji zinaufaa sana, unashika udongo. Kata sentimita 15 juu ya ardhi kwa kisu, vaa mikono mirefu, majani yake yanachana. Baada ya miaka mitatu shina linajaa makavu katikati, ling'oe na uligawe upya. Wapo wanaoupanda wakisema unafukuza nyoka. Fyeka nyasi tu.

Nanaa, kinyume chake, husumbua kwa wingi. Kipande chochote chenye pingili kinaota ndani ya wiki mbili, na mwaka ujao kimevamia mboga za jirani. Ipande kwenye ndoo iliyotobolewa, hata kama utaifukia ardhini. Inataka maji kila siku wakati wa kiangazi na kivuli cha mchana kwa Moshi. Vumbi la rangi ya chungwa chini ya majani ni kutu: kata yote hadi sentimita 3, choma majani, mwagilia udongo na si jani. Itachipuka safi.

Rozimari usiianze kwa mbegu, huota kwa shida. Chukua ncha za sentimita 10 hadi 12 ambazo chini zimeanza kukakamaa, ondoa majani theluthi mbili ya chini, chomeka kwenye mchanga mkubwa wenye unyevu, funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Wiki sita hivi mizizi itakuwa imetoka. Vuta kidogo, ikikataa imeshika. Chomeka kumi ukitarajia sita. Baada ya hapo adui ni maji: mwagilia pale udongo unapokuwa mkavu hadi kiungo cha pili cha kidole. Majani yakiwa kahawia kuanzia ncha, watu huongeza maji na kuimaliza, wakati mizizi ilikuwa tayari imezama. Ukivuna, usikate kufika kwenye kuni isiyo na majani, sehemu hiyo mara nyingi haichipui tena.

Kotmiri, ambayo sokoni utaisikia pia ikiitwa giligilani, haipendi kuhamishwa. Punje moja ni mbegu mbili zilizoshikana, kwa hiyo zisugue kwa chupa zigawanyike, ziloweke usiku mmoja, zipande palepale zitakapokaa, kina cha sentimita 1. Zitatoka baada ya siku 7 hadi 14, Arusha ya Julai hata wiki tatu. Panda kamstari kila baada ya wiki tatu. Moshi ikipata joto la Januari inatoa maua haraka na hakuna cha kuizuia, acha izae mbegu. Majani yake usiyakaushe, hayabaki na kitu.

Rozela inataka jua kamili na nafasi ya mita 1. Vuna vikombe vyekundu vikiwa bado vinene na vinavunjika kwa kucha, wiki mbili au tatu hivi baada ya ua kuanguka. Ukichelewa vinakuwa na nyuzi. Toa kokwa la mbegu kwa kusukuma na bomba dogo la chuma, anika. Kilo 10 mbichi huishia kilo 1.

Kwa Arusha ongeza kalendula. Inaota kirahisi kwa mbegu, hutoa maua wiki nane hivi baada ya kupandwa, na petali zake kavu hupaka wali rangi kwa bei ndogo kuliko zafarani. Iliki nayo inawezekana chini ya migomba ya Marangu, ila utasubiri miaka mitatu kuona punje.

Wadudu

Vidukari wakijaa kwenye ncha changa, wapige kwa maji ya bomba asubuhi kwanza. Wakirudi, sabuni ya maji kijiko 1 cha chai kwa lita 1, puliza jioni chini ya majani, suuza kesho yake. Utitiri mwekundu huja kiangazi, hasa Moshi, na huacha utando na vidoa vyeupe, naye huchukia majani yenye unyevu. Sota wanaokata miche usiku wanapatikana ukichimbua sentimita 3 kuzunguka mche uliokatwa. Dawa kali za nyanya usizipulize kwenye jani utakalolichemsha chai kesho. Hilo halina mjadala.

Jikoni

Masala ya chai inayotosha kopo dogo: unga wa tangawizi vijiko 4 vya chakula, iliki 2, mdalasini 2, karafuu kijiko 1 cha chai, pilipili manga kijiko 1 cha chai. Saga mdalasini na karafuu kwanza, ndizo ngumu, kisha iliki, tangawizi mwisho. Nusu kijiko cha chai kwa lita 1 inatosha. Saga ya mwezi mmoja tu. Viungo vizima hukaa mwaka, unga huanza kuchoka baada ya miezi mitatu.

Tangawizi mbichi ikiingia kwenye maziwa ya vuguvugu huyakatisha, kwa sababu ina kimeng'enya kinachogandisha protini ya maziwa. Ichemshe kwanza kwenye maji dakika 5 hadi 10, ndipo umimine maziwa. Rozela haiwekwi maziwa kabisa, ni tindikali.

Majani makavu: kijiko 1 cha chai kwa kikombe, maji yaliyochemka, funika dakika 5 hadi 10. Kifuniko si mapambo, mvuke unaotoroka ndiyo harufu uliyoihangaikia. Mizizi huchemshwa, majani hulowekwa.

Maji yenyewe yaangalie. Sehemu nyingi za miteremko ya Meru, Arumeru hasa, zina floraidi nyingi kwenye chemchemi na visima, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi, bali huizidisha kadiri maji yanavyopungua sufuriani. Kwa chai ya kila siku, hasa ya watoto, tumia maji ya mvua yaliyochujwa na kuchemshwa.

Kivumbasi, saumu au pilipili mbichi ndani ya chupa ya mafuta, juu ya kabati, ni hatari ambayo haisemwi vya kutosha. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulizimu (sumu ya chakula inayopooza mwili) hukua bila kubadili harufu wala ladha. Tumia vilivyokauka kabisa, au weka kwenye friji na umalize ndani ya siku nne.

Kwa dawa, kiasi cha chakula ni kiasi cha chakula. Rozela inaweza kushusha shinikizo la damu, na manjano au tangawizi nyingi vinaweza kuongeza kazi ya dawa za kuyeyusha damu. Anayetumia dawa hizo, na mjamzito, aulize kituo cha afya kabla ya kunywa kwa wingi kila siku. Usichume usichokijua: ua la tarumbeta linaloning'inia kwenye nyua nyingi za nyumba za Arusha linapendeza na ni sumu, mmea mzima.

Mbegu ya mwakani

Itenge kabla jikoni haijaiona. Chagua tunguu kutoka mashina ambayo hayakuumwa, si yale yaliyobaki baada ya kuuza. Usioshe, kung'uta udongo tu. Acha kivulini siku tano ngozi ikakamae, panga kwenye kreti la mbao, mchanga mkavu chini, tunguu zisigusane, mchanga juu. Weka penye ubaridi, mbali na moshi wa kuni na panya. Kagua kila wiki mbili, na linalolainika litoe pamoja na mchanga uliolizunguka. Februari ikifika, kagua macho ya tangawizi kama yamevimba. Leta kisu, spiriti na majivu.